Bawabu wa Schio

Sisi watu wa Ngara tukisema Benaco, hatuhitaji kueleza. Kila aliyekuwa na akili timamu mwaka 1994 anajua tunasema nini. Ni ile kambi iliyojaa ndani ya siku moja, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda mwishoni mwa mwezi Aprili, na vilima vyetu vikageuka rangi kwa turubai na moshi. Jina lenyewe tuliachiwa na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake pale zamani kidogo. Kampuni iliondoka, jina likabaki, wakimbizi wakalikuta.

Basi mtu ataelewa tulivyoshtuka tulipokuwa ndani ya gari dogo kaskazini mwa Italia, katika bonde la mto Adige, na kuliona jina hilo limeandikwa ukutani mwa hoteli moja, kwa herufi kubwa na ua jekundu pembeni. Benaco. Mwenyeji wetu, mzee Mjerumani aliyekuwa anaendesha, alitueleza bila kugeuza kichwa kwamba ndilo jina la kale la Ziwa Garda, ziwa kubwa kuliko yote nchini Italia, nalo lilikuwa nyuma ya mlima upande wetu wa kulia. Watu huenda huko kupumzika, alisema. Kisha akauliza kwa nini tumenyamaza.

Tulikuwa wachungaji watatu wa Kilutheri, wawili wa Ngara na mmoja wa Biharamulo. Anayeshika kalamu ni mzaliwa wa Ntobeye, lakini anaandika kwa niaba ya wote, hata pale ambapo hatukukubaliana. Tulikuwa tumealikwa na usharika rafiki kusini mwa Ujerumani. Baada ya wiki mbili za ibada, mikutano na viazi, wenyeji walituambia tuchague mahali pa kutembelea kwa siku mbili kabla ya kurudi nyumbani. Wao walidhani tutasema Venice, au Wittenberg. Sisi tukasema Schio.

Schio hutamkwa “Skio”. Tuliomba kwenda huko kwa sababu ya karatasi. Huko Ntobeye tunaye jirani Mkatoliki, mwalimu mstaafu aliyefundisha wengi wetu kusoma. Aliposikia tunakwenda Ulaya alikuja jioni na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshonwa kwa uzi mweupe. Alisema: “Mchungaji, Ujerumani na Italia ni majirani. Ukipata njia, iweke kwa Bakhita.” Tulimwambia kwamba sisi Walutheri hatupeleki maombi kwa watakatifu. Akajibu kwamba hakutuomba tuombe, ametuomba tubebe.

Hoja hiyo tuliijadili kutoka mpaka wa Brenner hadi Rovereto. Mwenzetu wa Biharamulo, ambaye ana kichwa cha theolojia kuliko sisi wawili, alitukumbusha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 21: kumbukumbu ya watakatifu ni halali ili tufuate imani yao na matendo yao mema kila mtu katika wito wake, lakini Maandiko hayatufundishi kuwaita watusaidie, kwa kuwa mpatanishi ni mmoja. Kwa hiyo, alisema, tuna ruhusa ya kutembelea, hatuna ruhusa ya kutarishi. Neno lake hilo lilituchekesha, lakini hakuwa anatania.

Kutoka Rovereto barabara inapanda milima ya Pasubio, ambako majeshi ya Italia na Austria yaliuana kwa miaka miwili katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha inashuka kwa kona nyingi hadi bonde la mto Leogra. Tulikuwa tumefikiri mji wenye kaburi la mtakatifu utakuwa kama picha za kalenda: kanisa juu ya kilima, mishumaa, njiwa. Tulichokiona kwanza ni bomba la moshi la kiwanda.

Schio ni mji wa sufu. Wenyewe huuita Manchester ya Italia, na wana sababu. Mwaka 1817 Francesco Rossi alianzisha kiwanda cha kusokota na kufuma sufu kwa kutumia maji ya mfereji yaliyotoka mtoni, na mwanawe Alessandro akakikuza hadi kikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya Italia. Jengo wanaloliita Kiwanda Kirefu, la mwaka 1862, bado limesimama katikati ya mji, ghorofa juu ya ghorofa, na madirisha zaidi ya 300 yaliyopangwa kama meno ya kitana. Ndani hakuna mashine inayolia. Zilinyamaza katika miaka ya 1960. Tulipolitazama, mwenzetu mmoja ambaye kaka yake alifanya kazi Mwatex kule Mwanza alisema taratibu kwamba kumbe na Wazungu nao huachiwa majengo.

Alessandro Rossi hakuwa mwajiri mkatili kama tulivyozoea kusoma habari za viwanda vya zamani. Aliwajengea wafanyakazi mtaa mzima wa nyumba, shule za watoto, hata ukumbi wa michezo ya kuigiza. Mwaka 1879 alisimamisha sanamu ya mfumaji, mtu wa kawaida aliyeshika zana yake ya kazi, mahali ambapo miji mingine ingemweka jenerali juu ya farasi. Tuliipenda sanamu ile. Lakini nyumba zile zilikuwa zake, shule zilikuwa zake, na mshahara alikata yeye. Mwaka 1891, baada ya ujira kupunguzwa na mgomo kushindwa, mamia ya wafumaji na familia zao walifunga mizigo wakaenda Brazil. Fadhili za bwana ni fadhili, ila mlango wa kutokea huwa ni ule ule mmoja. Katika lahaja ya sehemu hizo mwenye kiwanda huitwa *paron*. Msomaji aliweke neno hilo akilini, tutalirudia.

Nyumba ya masista Wakanosa ipo ndani ya mji, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kiwandani. Shirika lao lilianzishwa na Magdalena wa Canossa huko Verona mwaka 1808, na kazi yao tangu mwanzo ilikuwa kufundisha mabinti wa maskini. Katika mji kama Schio hao walikuwa mabinti wa wafumaji. Tulisimama mlangoni tukitafuta kengele. Kwa mazoea mmoja wetu akaita, “Hodi!” Na kutoka ndani, jambo ambalo hatukulitegemea kabisa, sauti ya kizee ikajibu, “Karibu! Karibuni ndani!”

Alikuwa sista Mwitaliano, mfupi, mwenye fimbo, aliyefanya kazi Tanzania miaka mingi ya ujana wake. Tulimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kama bibi wa kwetu, bila kuona aibu yoyote ya sisi kuwa na ndevu nyeupe kidevuni. Akauliza tumetoka sehemu gani. Tukasema Ngara. Alitutazama kidogo, akasema, “Ngara ya wakimbizi.” Hakuuliza swali jingine hadi tulipokaa.

Mwili wa Josephine Bakhita umelala chini ya altare ya kanisa lao. Mahujaji hawakuwa wengi siku ile. Alikuwepo mama mmoja na mtoto mgonjwa kwenye kigari, wazee wachache wa hapo hapo mjini, na vijana wanne Waafrika waliovaa sare za kazi, ambao baadaye tulijua ni Wanigeria. Hao walipiga magoti pamoja, wakainuka pamoja, wakatoka haraka kama watu wenye zamu.

Habari za maisha yake nyingi zinajulikana, kwa kuwa yeye mwenyewe alizisimulia na zikaandikwa. Alizaliwa Darfur, Sudani, karibu mwaka 1869. Dada yake mkubwa alitekwa kwanza. Miaka michache baadaye wanaume wawili wenye silaha walimkamata yeye pembezoni mwa kijiji, akiwa na umri wa miaka saba hadi tisa hivi. Kwa hesabu ya huku kwetu, soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limekwisha kufungwa mwaka 1873, na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, si mbali na tunapoishi, walikuwa bado wapo. Sheria ilifungwa pwani, bara biashara ikaendelea. Katika Tanganyika yetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, na wako wazee wetu waliowahi kuwaona kwa macho yao watu waliokuwa watumwa.

Waliomteka ndio waliompa jina Bakhita. Ni Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa: ni neno lile lile tunaloliita bahati. Msichana aliyenyakuliwa kwa mama yake, akafungwa kamba na kutembezwa kwa miguu hadi El Obeid, aliitwa Mwenye Bahati. Tumekuwa tukijiuliza kama ilikuwa kejeli, au ni namna tu ya kuipa bidhaa jina zuri. Jina alilopewa na mama yake alilisahau. Hofu ililifuta. Hakulikumbuka tena mpaka kufa, na hakuna mtu mwingine aliyelijua.

Hapo sista alinyamaza, nasi pia.

Hatuna budi kueleza. Katika siku zile za mwaka 1994 mama alikuta msichana mdogo amelala kwenye shamba letu la migomba, Ntobeye. Alikuwa na miaka mitano au sita. Tulimsemesha Kihangaza, ambacho Mrundi anakielewa na Mnyarwanda hakimpigi chenga sana. Hakujibu. Hatukujua ametoka upande gani wa mto, wala kabila gani, na mama alikataza tusijaribu kukisia mbele yake. Alikaa kwetu karibu wiki tatu. Ukimwita kwa jina lolote aligeuka: Maria, Yoanna, Kato hata, jina la mvulana. Aligeukia kila jina kama mtu anayejaribu viatu. Mwishoni mama alimwita Mgeni, kwa kukosa jingine. Kisha walikuja watu wa kuandikisha watoto waliopotezana na wazazi, wakampiga picha akiwa ameshika kibao chenye namba, wakamchukua. Hatukupata habari zake tena.

Turudi kwa Bakhita. Aliuzwa zaidi ya mara moja. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kituruki alichanjwa mwili kwa wembe, alama zaidi ya mia moja, na vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yabaki. Mwaka 1883, huko Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia, ambaye kwa mara ya kwanza hakumpiga. Jeshi la Mahdi lilipokaribia, Legnani alikimbia, na msichana akaomba kwenda naye. Walifika Italia mwaka 1885. Legnani akamtoa kama zawadi kwa familia ya rafiki yake, Michieli, awe yaya wa mtoto wao Mimmina. Tunapenda kulisoma neno hilo polepole: zawadi. Mtu mwema, ambaye hakupiga, alimtoa kama mtu anavyotoa mbuzi.

Michieli alikuwa na hoteli huko Suakin, bandari ya Bahari ya Shamu. Mkewe alipomfuata kushughulikia biashara, alimwacha mtoto na yaya wake kwa masista Wakanosa mjini Venice, katika nyumba ya kufundishia watu wazima waliojiandaa kwa ubatizo. Huko Bakhita alifundishwa katekisimu. Alisema baadaye kwamba tangu utoto alipotazama jua, mwezi na nyota alijiuliza nani mwenye vitu hivi, na akatamani kumwona. Basi sasa aliambiwa.

Mama mwenye nyumba aliporudi kumchukua, Bakhita alisema hapana.

Watu husimulia mengine ya Bakhita na kulipita hilo haraka. Sisi tungependa tusimame hapo. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na mbili hivi hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mama yule alilia, aliomba, alikasirika, akasema huyu ni mali yake. Shauri lilikwenda hadi kwa Patriarki wa Venice na kwa mwanasheria wa Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 jibu likatoka: sheria ya Italia haiutambui utumwa, kwa hiyo msichana huyu yu huru kuchagua. Maana yake, tangu alipokanyaga nchi ile mwaka 1885 hakuwa mtumwa wa mtu. Alikuwa huru miaka minne na hakuna aliyemwambia. Sharika ngapi, tulijiuliza usiku ule hotelini, zina watu wa namna hiyo: huru kisheria, huru kwa Injili, na hakuna aliyewaambia?

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akapewa majina ya Josephine Margherita Fortunata. Hilo la tatu ni Bakhita kwa lugha ya Kanisa: Bahati tena. Aliweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896, na mwaka 1902 akatumwa Schio. Huko aliishi karibu miaka yote iliyobaki, hadi kifo chake tarehe 8 Februari 1947. Alikuwa mpishi, mshonaji, mtunza sakristia, na hatimaye bawabu. Watoto wa wafumaji walipoingia shuleni aliwawekea mkono kichwani, mmoja mmoja. Wakubwa walimwita Mama Mweusi kwa lahaja yao, nao walikuja mlangoni kumwambia shida zao, maana mume kiwandani na mtoto vitani havisubiri padre apate nafasi. Kila Mlutheri aliyekariri Zaburi ya 84 anajua heshima ya kazi hiyo.

Sasa lile neno. Bakhita alijifunza lugha kwa kuisikia, na lugha iliyozungumzwa jikoni na mlangoni ilikuwa lahaja ya Veneto. Mungu alimwita *el Paron*. Neno lile lile la mwenye kiwanda. Sista alipolitamka tulitazamana, kwa sababu na sisi hatuna jingine. Tunasema Bwana. Mtumwa wa Kafuro alimwita mnunuzi wake bwana. Babu zetu walimwita Mjerumani wa boma la Biharamulo bwana, na Mwingereza aliyemfuata bwana shauri. Kisha tunaingia kanisani na kuimba kwamba Yesu ni Bwana, wala hatusikii ubaya. Mwenzetu wa Biharamulo alisema labda tungekuwa tunasikia, ndipo tungeelewa kinachodaiwa: akiwa yeye ni Bwana, basi yule mwingine siye. Hivyo ndivyo Bakhita alivyolitumia. Alikuwa na uzoefu wa mabwana kuliko mtaalamu yeyote wa Kigiriki. Alipolichukua neno hilo na kumpa Mungu, aliwanyang'anya wengine wote.

Kuna kauli yake moja inayojulikana sana, nayo ndiyo iliyotugawa. Aliwahi kusema kwamba kama angekutana na wale waliomteka, na hata wale waliomtesa, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila mambo yale asingekuwa Mkristo wala mtawa. Imeandikwa kwenye vipeperushi pale kanisani kwa lugha tano au sita.

Tulitoka nje tukaketi kwenye benchi. Mmoja wetu alisema wazi kwamba hawezi kuipeleka kauli hiyo kwenye mimbari ya Ngara. Tunao washarika ambao mto Kagera uliwaletea maiti mwaka 1994. Tunao wajane waliobaki upande huu baada ya wengine kurudishwa Rwanda mwezi Desemba 1996. Ukiwasomea habari ya kubusu mikono, alisema, utakuwa umewafunga mara ya pili. Na wako wenye mikono michafu ambao wangefurahi sana kusikia mahubiri hayo. Mwingine akasema msamaha ni amri, Mathayo 18 haina tanbihi. Mwenyeji wetu Mjerumani, ambaye kwao wanajua kitu kuhusu mikono michafu, alisikiliza na hakuongeza neno.

Aliyetusaidia ni sista, ambaye alikuwa ametufuata na biskuti. Alisema kwa Kiswahili chake cha zamani: “Wachungaji, huyu alisema *hapana* kwanza. Angalieni tarehe.” Tukaangalia. Mwaka 1889 alikataa kurudi. Kauli ya kubusu mikono ilikuja miaka mingi baadaye, akiwa mtawa mwenye nyumba, jina, chakula na watu. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna hakimu wala padre aliyemwambia samehe ili kesi iishe. Alisamehe mtu huru, na kwa hiyo msamaha ulikuwa wake kuutoa. Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, alihakikisha kwanza kwamba anarudi si kama mtumwa. Tumesikia mabaraza ya usuluhishi, hata ya Kanisa, yanayogeuza mpangilio huo: yanamtaka aliyepigwa apige magoti kwanza, habari ya uhuru wake itajadiliwa kikao kijacho. Mwenzetu aliyekataa kauli ile hakubadili mawazo yote. Alisema ataihubiri, ila ataanza na tarehe ya Novemba.

Tungemtendea Bakhita vibaya tukimfanya mtu wa furaha tupu, kama picha zake zilivyo. Katika miaka ya 1930 kitabu cha maisha yake kilipotoka, wakubwa walimzungusha miji mingi ya Italia asimame mbele ya watu kwa ajili ya misheni. Alikuwa mtu wa haya, naye alilalamika kwa upole kwamba watu wanakuja kumtazama kama mnyama mzuri. Katika miaka hiyo hiyo, Oktoba 1935, Italia iliivamia Ethiopia. Sisi tunaona vigumu kuamini kwamba wote waliompigia makofi ukumbini walikuwa wanafikiri Injili tu. Kanisa letu pia, la Wajerumani na la wamisionari wa Bethel waliofika Bukoba mwaka 1910, lilikuwa na picha zake za Waafrika waliookolewa, zilizochapishwa kwa ajili ya sadaka. Tunajua namna picha hizo zilivyofanya kazi.

Alipokuwa anakufa, homa ilimrudisha Sudani. Alimwomba aliyemwuguza amlegezee minyororo, kwa kuwa ni mizito. Alikuwa ameishi miaka zaidi ya hamsini bila mnyororo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1992 na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na tangu mwaka 2015 Wakatoliki hutumia siku ya kifo chake, 8 Februari, kuwaombea waliouzwa na wanaouzwa. Kuhusu kutangazwa watakatifu tuna msimamo wetu, na sista aliujua. Lakini habari ya minyororo ile tuliiamini mara moja. Tumewahi kukaa kitandani na washarika wa namna hiyo.

Na karatasi? Tuliipeleka. Mwenzetu wa Biharamulo alibaki kwenye benchi, akasema atatuombea kwa Kristo wakati tunafanya utarishi wetu. Kuna kikapu pembeni ya altare, kimejaa karatasi za watu, nyingine zimeandikwa nyuma ya risiti za dukani. Tuliiweka ya jirani yetu, uzi na yote, bila kuifungua. Kisha tukasimama pale tukasali Baba Yetu kwa sauti ndogo. Wale Wanigeria walikuwa wameacha mshumaa, na ulikuwa bado unawaka.

Tulirudi Ntobeye wiki iliyofuata. Jirani alikuja siku ile ile, akakaa uani pamoja na mama, ambaye sasa haoni vizuri na anataka kila kitu kisimuliwe tangu mwanzo. Tukasimulia: Benaco ya hoteli, kiwanda chenye madirisha, sista aliyeitika hodi. Jirani aliuliza swali moja tu, kama karatasi ilifika, akaridhika. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza mama yake yule msichana alikuwa anamwitaje.

Tukamwambia hakuna ajuaye. Hata mwenyewe alisahau.

Alikaa kimya kwa muda, akiokota punje za maharage kwenye ungo kwa vidole, bila kuziangalia. Kisha akasema kwamba Mgeni alikuwa hapendi kulala upande wa ukutani. Kila ukimlaza huko, ukiamka usiku unamkuta mlangoni.